BUSTA YA GARI JINGINE NA SWICHI YA TAA ZA BREKI

(Haya ni mazungumzo ya fundi makanika mmoja mbele ya wanakijiji na kamati ya gari la kijiji, huko Nyanda za Juu Kusini. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Nimeitwa niseme juu ya jambo moja tu. Busta ya breki ya Land Rover yenu imekufa. Kamati imenunua busta nyingine, imetolewa katika gari lililovunjwa kwa ajili ya spea. Imekuja pamoja na swichi ya taa za breki, nayo ni ya gari jingine. Ya gari gani? Hata aliyeiuza hakujua. Swali lenu ni fupi: vitafungika au havitafungika?

Vitafungika, ndugu zangu. Bolti zote nne zinaweza kuingia, na kama moja haikuingia fundi atatoboa tundu jipya. Gari litasimama vizuri hapa uwanjani na mtashangilia. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni kilomita ya kumi baada ya hapo, gari likiwa na magunia ya mahindi na mgonjwa juu, mteremkoni. Kwa hiyo sitawaambia leo ndiyo wala hapana mpaka tumeelewana hivi vitu vinafanya kazi gani.

BUSTA NI NINI

Litazameni lile sahani nene jeusi lililo mbele ya dereva, upande wa injini. Wengine huita sevo. Chukueni sufuria mbili, zifunikizeni mdomo kwa mdomo, na katikati yake wekeni shuka la mpira lililokaza. Hiyo ndiyo busta. Bomba moja linatoka kwenye busta linakwenda kwenye injini ya petroli, kwenye manifoldi, mahali ambapo injini hunyonya hewa. Injini inaponyonya, hewa hutoka katika sufuria zote mbili. Dereva akikanyaga pedeli, kijimlango kidogo kinafunguka na kuingiza hewa ya nje katika sufuria ya nyuma tu. Hewa hiyo inausukuma mpira mbele, na mpira unasukuma rodi, na rodi inasukuma masta silinda. Basi mguu wa dereva umepata msaidizi.

Msaidizi huyo ana nguvu kiasi gani? Hapa ndipo hesabu tuliyojifunza darasani inapotusaidia. Tuseme nguvu ya hewa inayosukuma ni kama kilo 0.65 kwa kila sentimita moja ya mraba. Busta yenye mpira wa upana wa sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314. Zidisheni kwa 0.65, mnapata kama kilo 204. Busta ya upana wa sentimita 25 ina sentimita za mraba 491, nayo inatoa kama kilo 319. Mnaona? Upana umeongezeka kwa sentimita tano tu, nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu asiniambie ati busta ni busta, zote nyeusi, zote mviringo.

Na tena hesabu hiyo ni ya pwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, na busta inayosukuma kilo 200 Dar es Salaam ikifika Njombe inaweza kupoteza robo ya nguvu hiyo. Dereva aliyetoka pwani ataona pedeli ngumu na kudhani busta ni mbovu. Si mbovu. Hewa ndiyo haba.

Jambo jingine, nalipita haraka maana gari lenu bado lina injini yake ya petroli. Injini ya dizeli hainyonyi namna hiyo. Ikiwa siku moja kamati itaamua kuitoa injini hii na kuweka ya dizeli, kama wengi wanavyofanya, busta itahitaji pampu yake ya kunyonya hewa. Nimeona magari yamewekwa dizeli, bomba la busta limezibwa kwa kipande cha mti, na busta imekaa pale kama pambo.

MASTA SILINDA LAZIMA IULIZWE UMRI WAKE NA KIMO CHAKE

Busta mliyonunua imekuja imefungwa na masta silinda yake. Mjumbe mmoja ameniambia, "Fundi, hiyo ni bahati, tumepata vitu viwili kwa bei ya kimoja." Polepole, ndugu yangu.

Land Rover fupi, ile ya 88, ina dramu za breki za inchi 10. Yenu ni ndefu, 109, dramu zake ni za inchi 11, kwa sababu inabeba mzigo mkubwa zaidi. Dramu kubwa inataka oili nyingi zaidi ili breki shuu zifike ukutani. Masta silinda yenye tundu la inchi moja inatoa oili ya kutosha. Masta silinda ya robo tatu ya inchi inatoa karibu nusu ya hiyo kwa mwendo ule ule wa pedeli. Mkifunga ile ndogo kwenye gari kubwa, mguu unakwenda mpaka chini kabla breki hazijashika, na dereva anaanza kupampu kama mtu anayejaza baiskeli upepo.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Kilo 200 zikisukuma tundu la robo tatu ya inchi, oili inapata msukumo wa kama kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba. Kilo hizo hizo zikisukuma tundu la inchi moja, msukumo ni kama kilo 39. Kwa hiyo tundu dogo lina nguvu lakini oili haitoshi, na tundu kubwa lina oili lakini linataka busta yenye nguvu. Waliotengeneza gari walivipima hivyo viwili pamoja. Mtu akivitenganisha, naye apime.

Na kama masta silinda hiyo imetoka katika gari lenye breki za diski mbele, iwekeni kando. Ndani yake vali zake hazikupangwa kwa gari la dramu pande zote nne kama hili.

RODI NA TUNDU DOGO

Sasa naomba msikilize vizuri, hasa wewe ndugu dereva, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana, jembamba kama sindano. Dereva akiondoa mguu, pistoni inarudi nyuma mpaka mwisho, na tundu hilo linafunguka. Kazi yake ni kurudisha oili kwenye kikopo. Breki zikipata moto, oili nayo hupanuka, na ile iliyozidi inatoka kwa tundu hilo. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, hata kama imebaki milimita moja, tundu linabaki limezibwa. Oili inapanuka, haina njia, inasukuma breki shuu. Breki shuu zinasugua dramu. Dramu inazidi moto. Oili inazidi kupanuka. Gari linajifunga breki lenyewe na dereva hajagusa kitu.

Kwa nini pistoni isirudi? Kwa sababu rodi ya busta ngeni ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Mbele ya kila busta rodi imetokeza kwa urefu wake, na masta silinda ya gari lile ilichimbwa kina kinacholingana nayo. Ukichanganya busta ya huku na masta silinda ya kule, urefu na kina havijuani. Rodi ikiwa fupi mno, pedeli inakwenda bure kabla ya kuanza kazi. Hiyo inaudhi, lakini dereva anaijua tangu anapotoka hapa. Rodi ikiwa ndefu mno, anapotoka hapa kila kitu ni kizuri. Mpaka breki zipate moto.

Namna ya kupima haihitaji chombo cha Ulaya. Kabla ya kufunga masta silinda, weka donge dogo la udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri kwenye ncha ya rodi. Funga masta silinda mahali pake, kaza nati mbili kwa mkono na spana kidogo, usikanyage pedeli, kisha ifungue. Tazama udongo. Kama umebanwa mpaka ncha ya chuma inaonekana, rodi ni ndefu. Kama umebaki utando mwembamba, chini ya milimita moja, ni vizuri. Ukibaki mnene kama sarafu mbili, rodi ni fupi. Halafu futa udongo wote, pakauke, pasibaki hata chembe.

Rodi nyingi zina nati kwenye ncha ya kurefusha na kufupisha. Kama hiyo yenu haina, wekeni pakingi ya chuma iliyokatwa sawa kati ya masta silinda na busta. Msikate rodi kwa msumeno, na zaidi ya yote msichomelee rodi. Rodi iliyochomelewa inakaa mwaka mzima bila kusema neno, halafu inavunjika siku ambayo mtu ameikanyaga kwa nguvu zake zote. Na siku gani mtu hukanyaga breki kwa nguvu zake zote? Mnaijua wenyewe.

Kwenye pedeli nako, pale rodi ya nyuma inaposhikana na mkono wa pedeli, pawekwe pini yake na kikunjo chake. Nimekuta msumari wa inchi nne pale. Msumari wa kupaulia nyumba!

SWICHI INAVYOWEZA KUSHIKA BREKI

Mtasema, swichi ya taa ni kitu kidogo, kina waya mbili tu, kina hatari gani?

Kwanza tujue swichi ni za aina mbili. Land Rover za zamani, za miaka ya 1960, zilikuwa na swichi ya oili. Imekazwa kwenye maungio ya mabomba ya breki, na msukumo wa oili ndio unaowasha taa. Zilizokuja baadaye zikiwa na busta na mabomba ya njia mbili, zina swichi ya pedeli, yenye kichwa kidogo kinachobonyea kama kitufe cha kengele. Gari lenu lilikuwa na swichi ya oili. Masta silinda mpya haina mahali pa kuikaza. Ndiyo maana muuzaji akawapa ya pedeli. Hapo sina ugomvi naye.

Lakini swichi za kubonyea nazo ni aina mbili. Moja inawasha ikiachiwa. Nyingine inawasha ikibonyezwa. Ya taa za breki, inayokaa nyuma ya mkono wa pedeli, ni ile ya kuachiwa. Pedeli ikitulia inakibonyeza kitufe, taa zinazima. Ukikanyaga, pedeli inakiacha, taa zinawaka. Mkifunga ile nyingine mahali hapo, taa zitawaka safari nzima na zitazima pale pale dereva anaposhika breki. Lori lililo nyuma litadanganywa.

Pimeni kabla ya kufunga. Chukueni betri mbili za tochi, balbu ya tochi na vipande vya waya. Pitisheni umeme kwenye swichi. Kitufe kikiwa nje balbu iwake, kikibonyezwa izime. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupima. Swichi mliyoleta nimeipima asubuhi hii. Ni ya kuachiwa. Kwa hiyo inafaa.

Sasa, mahali pa kuifunga. Swichi ina nyuzi mwili mzima na nati mbili, inaweza kuingizwa mbele au kurudishwa nyuma. Fundi asiye na subira anaiingiza mpaka taa zimezima, halafu anaongeza mizunguko miwili "kwa usalama", anakaza, anakwenda kunywa chai. Mizunguko hiyo miwili imefanya nini? Mwili wa swichi sasa unaegemea mkono wa pedeli na kuusukuma mbele. Pedeli haiwezi tena kurudi mwisho wake. Pedeli isiporudi, kile kijimlango cha hewa ndani ya busta hakifungiki sawasawa, rodi haijarudi, pistoni haijarudi, na lile tundu la sindano limezibwa. Dereva hajakanyaga kitu, lakini swichi ya taa imemkanyagia!

Niliwahi kufanya kazi katika gereji moja mjini. Liliingia gari la abiria ambalo kwa miezi mitatu lilikuwa likijifunga breki kila linapopanda na kuteremka milima. Walikuwa wamebadilisha wili silinda zote. Wamebadilisha breki shuu mara mbili. Wamenunua masta silinda mpya. Kila fundi alilijaribu likiwa limepoa, akaliona zima, akapokea pesa yake. Fundi wetu mkuu, mzee mmoja mpole, hakufungua hata nati. Aliinama chini ya usukani, akainua pedeli juu kwa kidole chake cha mguu, akamwambia kijana azungushe gurudumu lililokuwa juu ya jeki. Likazunguka. Akaachia pedeli. Likashika. Akachukua spana mbili, akarudisha swichi nyuma kama unene wa shilingi. Kazi ya miezi mitatu ikaisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo pedeli iwe na kizuizi chake yenyewe, cha chuma au cha mpira. Pedeli ikiwa imetulia pale, ingiza swichi polepole mpaka taa zizime, na kati ya mwili wa swichi na mkono wa pedeli ubaki upenyo wa kama milimita moja. Kitufe kibonyee, mwili usiguse. Halafu weka kidole kwenye kanyagio. Unapaswa kuhisi mchezo mdogo, kama milimita 5 hadi 10, kabla ya kuhisi rodi. Na taa ziwake katika mchezo huo huo, kabla breki hazijaanza kuuma, ili wa nyuma apate habari mapema.

Ukiirudisha swichi nyuma kupita kiasi, taa zitawaka muda wote. Balbu ya breki ni wati 21. Mbili ni wati 42, na kwa betri ya volti 12 ni ampea tatu na nusu. Katika magari ambayo taa hizo hazitegemei ufunguo, zikiwaka saa 12 za usiku zimekula ampea-saa 42. Betri ya 60 asubuhi haizungushi kitu, na utingo anaanza kuita watu wasukume.

GARI LIKIJISHIKA NJIANI

Mama mmoja ameuliza, na ni swali zuri: gari likianza kujishika na tuko ndani, tutajuaje ni rodi, au ni swichi, au ni kitu kingine?

Dalili mtazihisi hata ninyi abiria. Gari linakuwa zito kwenye tambarare, dereva anapunguza gia bila sababu. Kuna harufu ya kuungua. Mkisimama kwa nusu saa, linakuwa zuri tena. Hilo la kuwa zuri tena ndilo linalowadanganya watu waendelee na safari.

Simameni mahali tambarare. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Nasisitiza mawe, kwa sababu handibreki ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Inashika shafti nyuma ya giaboksi, na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kuteleza likaondoka hata kama handibreki imevutwa. Kwa hiyo inueni gurudumu la mbele.

Injini ikiwa imezimwa na breki bado zimeshika, inua pedeli kwa kidole cha mguu. Gurudumu likiachia, ni swichi au kizuizi cha pedeli. Lisipoachia, legeza zile nati mbili zinazofunga masta silinda kwenye busta, uisogeze mbele milimita mbili tu. Likiachia, ni rodi ndefu. Lisipoachia, legeza kidogo mabomba ya oili pale yanapotoka kwenye masta silinda, ukiweka kitambaa, maana oili hiyo inakula rangi na macho. Likiachia hapo, ubovu uko ndani ya masta silinda yenyewe. Bado? Fungua nipeli ya gurudumu lile. Oili ikiruka na gurudumu likaachia, paipu ya mpira imevimba ndani. Na kama hata hapo haliachii, basi kitu kiko ndani ya dramu, springi imekatika au breki shuu zimekwama. Ukishalegeza mabomba au nipeli, kaza, kisha toa upepo kwenye breki kabla ya kuondoka. Ukilegeza nati za masta silinda, zikaze tena. Si vizuri kuzisahau hizo.

Fuateni mpango huo kama ulivyo, kuanzia kwenye pedeli kwenda kwenye gurudumu. Wanaoanzia kwenye gurudumu ndio wanaonunua spea ambazo gari halikuziomba.

KUZIMA INJINI MTEREMKONI

Hili halikuwa katika maombi ya Mwenyekiti lakini nitalisema, maana nimemwona dereva wenu akiteremka hapa kijijini kimya kimya, injini imezimwa, ati anaokoa petroli.

Busta hula kunyonya kwa injini. Injini ikizima, ndani ya busta imebaki akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kama vali ya bomba lake ni nzima. Baada ya hapo pedeli inakuwa kama jiwe. Breki bado zipo, lakini sasa ni nguvu ya mguu wako peke yake kwa gari la tani na mzigo wake. Kwenye mlima kama Kitonga, ule wa barabara ya kwenda Iringa, kona ni zaidi ya tatu. Teremka na injini inanguruma, katika gia ile ile ambayo ungepandia.

Na bomba lenyewe la busta liwe la busta. Bomba la maji la bustanini likipata joto linalegea, injini inalinyonya, linabonyea na kujifunga. Tena ndani halionekani.

JE, TUFUNGE AU TUSIFUNGE?

Sasa nijibu swali. Busta yenyewe nimeipima. Ina upana unaolingana na ile ya zamani, mpira wake hauvuji. Naikubali, kwa sharti la kupima rodi kwa udongo mbele ya mjumbe mmoja wa kamati. Swichi naikubali. Masta silinda iliyokuja nayo siikubali. Tundu lake ni robo tatu ya inchi, nimeandika hapa mtu yeyote asome. Tutumie ile yenu ya inchi moja kama haijachimbika ndani, tubadilishe mipira yake. Ikibaki hiyo ya zamani, na swichi ya oili inaweza kubaki ilipokuwa, hatuna haja ya kusumbuka na ile ya pedeli kabisa. Kama imechimbika, nunueni ya inchi moja, na hapo swichi ya pedeli itapata kazi.

Mipira ioshwe kwa oili ya breki tu. Petroli, dizeli na oili ya injini huivimbisha mipira hiyo.

Mjumbe wa fedha ameuliza: na kama pesa hazitoshi? Basi ondoeni busta kabisa. Nasema kweli. Land Rover 109 nyingi za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani bila busta na zikazunguka nchi hii nzima. Masta silinda ifungwe na boksi la pedeli la gari lisilo na busta, pedeli itakuwa ngumu, dereva atatumia mguu zaidi, mzigo utapunguzwa. Mimi napenda breki ngumu ambayo naijua kuliko breki laini iliyofungwa kwa kubahatisha. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimtazami dereva peke yake. Mwenye gari anayeruhusu gari bovu liende barabarani naye ana kesi, na mwenye gari hapa ni ninyi.

Haya. Tukishafunga, kuna jaribio ambalo kila mjumbe atalifanya kwa mguu wake mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano mpaka iwe ngumu. Iache mguu juu yake, washa injini. Pedeli ishuke kidogo chini ya mguu, kama mtu amekuvuta kwa upole. Isiposhuka, busta hainyonywi. Halafu acha injini ngurume dakika mbili, zima, kanyaga. Mara ya kwanza iende mbali, ya pili ipungue, ya tatu ipungue zaidi. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, hewa inavuja.

Baada ya hapo dereva ataliendesha kilomita 10 bila abiria wala mzigo, akitumia breki mara kwa mara. Akirudi tutaweka tone moja la maji, tone tu, kwenye kila dramu. Zote nne zichemshe tone kwa namna inayofanana. Moja ikilirusha tone kama kikaango na nyingine hazijali, hatujamaliza, na gari halitoki.

Udongo wa mfinyanzi ninao hapa. Nahitaji watu wawili: mmoja akae ndani akanyage pedeli, mwingine asimame nyuma atazame taa na kupaza sauti zinapowaka. Ndugu dereva, wewe utakaa kando kwanza. Nataka wanaopanda ndio wajue.